Mizigo Tuiache Kwanza

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na goti lako limetulia baada ya baridi ile ya wiki iliyopita. Wajukuu hawajambo? Mimi sijambo kabisa, nakula vizuri, nalala vizuri, na ungeniona usingesema huyu ndiye anayestaafu mwisho wa mwezi. Nimenenepa kidogo. Usinicheke, sababu utaijua.

Barua yako niliipata. Unasema chumba cha uani umeshakipaka rangi, kitanda kimeletwa, na cherehani yangu umeitengea nafasi pale dirishani penye mwanga. Dada, nilisoma mpaka chai ikapoa mezani. Tangu mama alipotutoka, wewe ndiye unayenitafutia pa kulala, na hata leo na mvi zangu hizi bado unanitandikia. Ahsante sana. Unasema pia utakuja mwenyewe Ijumaa tufunge mizigo, turudi wote nyumbani. Njoo, tena njoo mbio. Ila mizigo tuiache kwanza. Jumatatu ni sikukuu, hivyo tuna wikendi ndefu, na mimi sikubali uje kwenye mji wa kale kama huu, mji ambao watu wanapanda ndege kuja kuutazama, halafu wewe uishie kufunga masanduku kwa kamba. Miaka yote hii nimeshona mapazia ya hoteli za hapa, wewe hujaukanyaga hata mara moja. Safari hii utaukanyaga.

Usianze kubisha. Nimeshapanga kila kitu, na unajua nikipanga nimepanga, hamkuniita Kiranja bure.

Ijumaa ukifika utaoga, utanyoosha miguu, na jua likipungua makali tutapanda ngomeni. Ngazi zisikutishe. Watalii hupitia lango kuu, ambako ngazi ni za kumtoa mtu roho, lakini kwa nyuma ipo njia ya mteremko waliyokuwa wakipitishia mizinga, goti lako halitajua kama limepanda mlima. Mlinzi wa mlango wa huko nyuma nilimshonea mkewe mapazia ya sebuleni, kwa hiyo atatufungulia bila maneno. Huko juu kuna benchi la mawe, na mapaa yote ya mji unayaona yalivyobanana, nguo zimeanikwa, watu wanaitana madirishani. Tutakaa pale tuwasengenye tusiowajua.

Jumamosi alasiri ni makumbusho. Kuna kitanda cha mke wa mtawala fulani, kirefu mpaka kina ngazi yake, sijui bibi yule akidondoka usingizini alikuwa anaokotwa na nani. Sasa tazama mapazia ya kile kitanda. Niliyashona mimi! Ya zamani yaliliwa na nondo, wakaniletea kipande cha mfano, nikayatoa mapya yakafanana mpaka kwenye pindo. Siku moja nilimsikia mtembeza watalii akiwaambia wageni kwamba mikono iliyoshona kazi ile ilishaoza karne zilizopita. Nikaitazama mikono yangu, nikanyamaza. Safari hii sinyamazi, nakutaka uwepo unisikie.

Kutoka hapo tutapita mtaa wa wafua shaba. Sufuria usinunue bila mimi, maana wakisikia tu lafudhi ya mgeni bei inaota mbawa. Jumapili ni ya kupumzika na kula tu, na Jumatatu tutaamka tunavyotaka, tukanywe kahawa chini ya mnara wa saa. Usiifuate ile saa, haijawahi kusema kweli.

Kuhusu chakula, kwenye hoteli zile kubwa hatutii mguu. Nimewashonea, nawajua, sahani kama ungo na chakula chenyewe cha kulisha kifaranga. Tutakula kwenye mgahawa mdogo nyuma ya chumba chetu cha ushonaji, na hapo nikueleze kidogo habari za mpishi wake.

Mwaka jana niliingia pale mchana na njaa yangu, nikaletewa supu imejaa chumvi. Nikairudisha. Wakaleta nyingine, ile ile. Nikairudisha pia. Ndipo mpishi akatoka jikoni, upawa mkononi, uso umekunjamana, akauliza ni nani huyo anayemchezea. Nikamwambia ni mimi, na kwamba simchezei, bali yeye ndiye anayewachezea wateja. Akavuta kiti, akachukua kijiko changu, akaonja. Akakiweka chini, akasema wanaokula pale miaka yote walikuwa wanamaliza kimya kimya na wengine hawarudi, na hakujua kwa nini. Mke wake alipokuwa hai ndiye aliyekuwa akionja, tangu afariki anakisia tu. Dada, niliona haya kwa ukali wangu, lakini supu ilikuwa mbaya, siwezi kusema uongo. Kesho yake akaniomba nipite kabla ya wateja nionje. Nikapita. Nimekuwa nikipita mpaka leo, na kunenepa kwangu kumetokea huko.

Umeona nimeiruka Jumamosi asubuhi. Sijaisahau. Kaa chini kwanza, dada, na kama kuna mtu karibu mwambie akupe maji.

Jumamosi asubuhi naolewa na mpishi huyo.

Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu unanikatiza. Nimejaribu mara kadhaa, na kila nikifungua mdomo wewe unanieleza habari za rangi ya chumba, nami nakosa nguvu. Sirudi nyumbani, dada. Nitakuja kukutembelea, nitakaa mpaka unichoke, lakini kuishi nitaishi huku. Aliponiomba alikuwa anamenya vitunguu, hata hakuinua kichwa. Alisema amechoka kunisindikiza kila jioni mpaka mlangoni kwangu halafu anarudi peke yake, na kwamba kama na mimi nimechoka, nimwambie. Nikamwambia nimechoka siku nyingi. Tukacheka mpaka machozi, na tukasingizia vitunguu.

Najua utasema uzee umenipanda kichwani. Sema tu. Ng'ombe hazeeki maini. Utasema tuliahidiana kuzeeka pamoja mimi na wewe, tukiota jua uani. Ni kweli tuliahidiana, na niliahidi kwa moyo mweupe. Nikiwaza umekipaka rangi kile chumba kwa mkono wako, na goti lile, naumia. Lakini nina furaha, dada. Sikutegemea kuiona tena baada ya kumzika mume wangu, na imekuja imevaa aproni. Siwezi kuifukuza.

Ruhusa sikuombi, nimeshaamua. Ninachokuomba ni usimame upande wangu. Msajili wa ndoa anataka kila mmoja aje na shahidi. Mpishi atakuja na kaka yake. Mimi nimewapa jina lako bila kukuuliza, nisamehe, ndiyo tabia yangu. Ikiwa hutaki, mwenzangu wa pale ushonaji yuko tayari, ila atakuwa amesimama mahali pako na mimi nitalijua hilo maisha yangu yote. Nimeshagombana na mameneja wa hoteli, nimegombana na wafua shaba, simwogopi mtu mji huu. Ninayemwogopa ni wewe, na si maneno yako. Naogopa ukimya wako.

Usinijibu barua hii. Njoo tu Ijumaa. Kituoni atakuja kukupokea bwana harusi mwenyewe, sio mimi, maana nataka umwone kwa macho yako kabla hujauona uso wangu unavyochekacheka. Nimemwambia atafute mama anayemkaripia kondakta. Atakubebea begi, mtatembea naye polepole mpaka kwangu. Ukimwita mpishi, atakuheshimu vilevile, atakupikia, na Jumatatu atakurudisha kituoni bila kinyongo, nami sitakulaumu. Lakini ukiona moyo unakuruhusu, mwite shemeji. Mtaa wetu ni mwembamba, maneno ya mtu yanafika kabla yake. Nitakuwa nimesimama nyuma ya pazia, nasikiliza unamwitaje.

Nisalimie wajukuu wote, majirani, na yeyote atakayeniulizia. Funga mlango wa nyuma vizuri kabla ya kuondoka, na usisahau koti, asubuhi huku kuna baridi.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Kiranja