Kaisari Kwenye Pete ya Capitoline

Jumapili, 15 Juni 2025

Kimya changu tangu Kwaresima hakina udhuru. Maharagwe yalinishughulisha, lakini maharagwe hayamzuii mtu kushika kalamu. Naomba radhi. Nimerudi kwa hasira.

Baada ya misa hapa kambini Rubondo, watu walipanga foleni kubusu pete ya jirani yangu Capitoline! Aliachiwa na padre mzee ambaye yeye alikuwa akimpikia kule Burundi. Ina kito chekundu, kimechongwa sura ya mtu mwenye tai miguuni. Tai ni alama ya Yohana Mwinjili — basi wote wanasema ni Yohana. Pontien, kiongozi wetu wa kanisa, anataka iwekwe altareni.

Nimeiazima.

Jumatatu, 16 Juni

Picha imechongwa kuzama ndani ya kito, kama muhuri. Haionekani vizuri mpaka uigandamize. Nimeigandamiza kwenye sabuni ya kufulia. Yohana gani huyu? Kifua wazi, fimbo ya enzi, radi mkononi. Nilifundisha Kilatini seminarini, sanamu hizi nazijua vitabuni: ni Jupita, mungu wa Warumi. Lakini Jupita ana ndevu. Huyu amenyoa, na mashavu yake ni ya mtu aliyeshiba. Ni Kaisari! Mtawala aliyejichongesha kama mungu, nasi tunambusu. Watawala wa aina hiyo ndio walionileta kambini.

Nimemweleza Capitoline. Alicheka: hata Yohana utamusahihisha, Mwalimu?

Kisha akaacha kucheka. Mjukuu wake, Doriane, ana mtoto wa jicho, macho yote mawili. Mara mbili amewatoroka madaktari wa macho kule hospitali ya Ruharo. Safari hii amekubali, kwa kuwa Yohana atakuwa naye.

"Ukimuambia, hatapanda gari. Atabaki kipofu, na weye utabaki na Kilatini yako."

Nilimrudishia pete bila kuaga. Ujeuri ulioje!

Jumatano, 18 Juni — Mbarara

Nipo Ruharo, kwenye benchi la hospitali. Nimewasindikiza kwa sababu Capitoline hajui Kiingereza. Nesi amekataza pete isiingie chumba cha upasuaji. Doriane amenikabidhi mimi, si bibi yake!

"Bibi anasema huyu wa kwenye pete ameshika mwanga mukononi. Ni Yohana kweli, Mwalimu? Bibi ananibembelezaka tu. Weye haudanganyake mutu."

Capitoline anatazama sakafu. Amebaki mgonjwa mmoja mbele yetu. Nimemwambia mtoto: ngoja mzee aandike kidogo. Anangoja, uso kaugeuzia kwangu. Pete imepata joto kiganjani.

Nitakachomjibu nitakiandika nikishaamua. Mlango unafunguliwa —