Barua ya Bushiri kwenye spika ya duka

Shreya, weka chini hicho kikombe. Bushiri wetu, mwalimu wa chuo, kaumbuka Kariakoo.

Alienda dukani kwa mzee Ravindra, muuza kompyuta, kuchagua programu ya kuwasomea kwa sauti wanafunzi wake wenye disleksia, wale ambao herufi zinawachezea. Akataka kusikia ipi inatamka Kiswahili vizuri. Akaijaribu kwa faili la kwanza kwenye kompyuta yake, jina lake hata hakulisoma.

Kumbe kompyuta imeunganishwa na spika ya nje ya duka. Ile ya kuitia wateja.

Ile ya mtaa mzima, Shreya.

Na faili lenyewe ni barua yake kwa mkuu wa chuo: "Mimi pia nina disleksia. Miaka tisa nawaomba wanafunzi wanisomee, nasingizia nimesahau miwani."

Nimesahau miwani. Mtaa mzima. Wabeba mizigo wamesimama na magunia kichwani.

Bushiri anahangaika kuizima, anabonyeza kila kitufe. Mzee Ravindra akachomoa waya wa spika, halafu akavua miwani yake, akaiweka kaunta.

"Na mimi niwekee hiyo programu, mwalimu. Hii miwani ni kioo kitupu, nami herufi zinanichezea."