Mipira Saba ya Gari la Baba

Dada, shikamoo.

Kwa heshima na taadhima natangaza kwamba mipira yote saba ya maji na mafuta katika injini ya gari la baba, lile kuukuu la mbio, imebadilishwa. Hakuna hata mmoja uliokuwa ukivuja. Fundi alimwuliza, "Mzee, mbona unamtibu mzima?" Baba akamjibu, "Mpira huzeeka hata ukilala. Ukingoja upasuke, utalala wewe njiani."

Sisi hatujambo. Paka kazaa tena kabatini.

Nakuandikia kwa sababu nikipiga simu baba anasikia kupitia ukutani. Mwezi huu kifua kimembana mara mbili, akipanda ngazi. Daktari kampangia kipimo tarehe ishirini. Nikamkumbusha, "Baba, usipoziba ufa utajenga ukuta." Akacheka: "Ufa uko wapi? Kifua hakivuji." Eti siku hiyohiyo anakuja kwako, mwendo wa saa tisa, peke yake. Mkatalie, dada. Anakusikiliza wewe tu. Mimi nimeficha funguo za gari ndani ya pipa la unga.

Mdogo wako, mlinzi wa funguo.

Nyongeza: Baba ana funguo za pili. Gari halipo.