Nilifuta Sauti ya Baba Mkwe, Lawama Ikamwangukia Lengai

Mama mshauri, shikamoo kama umenizidi umri, na kama tunalingana basi pokea salamu katika jina la Bwana. Mimi ni mjane wa miaka hamsini na moja, fundi cherehani hapa Tengeru, nimeishia darasa la saba, naimba sauti ya pili kwenye kwaya ya akina mama, na mara mbili mfululizo sijala Chakula cha Bwana, wenzangu wakiinuka kwenda madhabahuni mimi nabaki kwenye benchi nikijifanya goti linauma.

Shemeji yangu Prosper, mdogo wake marehemu mume wangu, anafundisha kompyuta katika shule moja kule Sokon I, na kwa miaka miwili amekuwa akitengeneza katuni ya baba yao, Mzee Kaanaeli, akisimulia kwa Kimeru jinsi walivyochimba mfereji wa kuleta maji kwenye migomba na kahawa, na sauti ni ya mzee mwenyewe, Prosper alimrekodi kwa simu miezi michache kabla hajafariki, dakika arobaini, mzee anacheka, anakohoa, anamwita mama mkwe amletee maziwa, na picha zote Prosper kazichora mwenyewe moja moja. Simu ile ilishaingia maji ikafa. Kompyuta huiacha kwangu, anakuja kila Jumamosi kufanyia kazi mezani pangu, anasema kwake watoto hawampi nafasi.

Basi mwezi uliopita kwaya yetu ilirekodiwa video, mwalimu akaniletea kwenye flashi, nikataka kuiweka kwenye kompyuta, kompyuta ikasema imejaa. Nikaona folda mbili nzito, moja imeandikwa Sauti ya Baba na nyingine Picha. Nami nilikuwa nimemsikia Prosper kwa masikio yangu akisema, "Shemeji, leo nimemaliza, sauti na picha zote nimeshaziingiza kwenye katuni." Nikawaza kifundi, kwamba mkono ukishaushona kwenye gauni, mezani yanabaki mabaki ya kitambaa tu. Nikazifuta, na kapu la taka la kompyuta nikalimwaga, maana sipendi uchafu, kisha nikaweka kwaya.

Jumamosi Prosper akafungua kazi yake. Mfereji hakuna, mzee hakuna, ni visanduku vyekundu na maandishi kwamba faili halipatikani. Akaniuliza, "Shemeji, kuna mtu aligusa hii mashine?" Nikamjibu, "Mimi na kompyuta wapi na wapi." Akasema, "Basi ni Lengai," maana Lengai, fundi wa simu na kompyuta mwenye kibanda karibu na soko, wiki ileile alikuja kubadilisha feni ya kompyuta hiyo. Hapo nilikuwa na nafasi ya kusema. Nikainuka nikaenda kuchemsha chai.

Prosper alimfuata kibandani akamwambia mbele ya wateja, "Umemzika baba yangu mara ya pili." Lengai akasema, "Kaka, mimi nilishika bisibisi tu, nikaiwasha kuona kama feni inazunguka, nikazima." Nani wa kumsikiliza. Sasa akina mama wa kwaya wanaambiana, "Usimpelekee simu yako yule, atakufutia hata picha za harusi," wanacheka, na mimi nacheka nao. Juzi nimekutana njiani na Lengai, akanisalimia, "Shikamoo mama," kwa heshima ileile ya siku zote, nikaitikia marahaba, nikapita haraka.

Nimetubu kwa Mungu na ninaamini ananisikia, lakini moyo hautulii. Prosper ndiye aliyebaki kuwa baba kwa wanangu, nikisema nitampoteza. Na mama mkwe kila wiki anauliza ni lini atamsikia mume wake. Je, nikae kimya nimtendee Lengai wema kwa siri, nimpelekee wateja? Au niseme, na nianze na nani?

Ni mimi T., Tengeru.

*

Mama T.,

Pole. Kufuta kwenyewe sikulaumu. Programu nyingi za katuni zikiingiza picha au sauti, haziimezi. Zinaandika tu mahali ilipo, na kila ukifungua kazi zinakwenda kuichukua hukohuko. Ukifuta kule, zinakuta patupu. Wewe hukulijua hilo. Prosper analijua, na alipaswa kuwa na nakala ya pili nje ya mashine, lakini siku utakayokiri usimtajie kosa lake.

Kosa lako lilianza ulipokana, ukainuka kwenda kuchemsha chai. Na kuna jambo sidhani umeambiwa. Faili likifutwa halipotei papo hapo. Nafasi yake inahesabiwa kuwa wazi, na kila kipya unachoweka kinaweza kulifunika. Kwaya yenu huenda imeshafunika kipande. Ungesema Jumamosi ile, Prosper angezima mashine saa hiyohiyo na kutafuta mtu wa kurejesha. Ukimya wako haukumuumiza Lengai peke yake, dada yangu. Huenda bado unamla mzee dakika kwa dakika, na hilo sikufichi.

Wema wa siri sahau. Lengai hahitaji wateja wa kutumwa na wewe, anahitaji wale wale waliomsikia akitukanwa wasikie kwamba hakufanya kitu.

Muite Prosper. Mwambie kwa maneno machache: ni mimi, nilifuta, nikakudanganya. Usianze kwa kupiga magoti wala kwa machozi. Akinyamaza, nawe nyamaza. Kisha muulize kama aliwahi kutoa sehemu yoyote ya katuni ikawa video kamili akamtumia ndugu. Video ya namna hiyo picha zake haziwezi kuchambuliwa tena moja moja, lakini sauti inaweza kuvutwa. Tafuteni kwenye simu za ukoo mzima. Hata zikipatikana dakika mbili tu za mzee, ni dakika mbili. Mashine apelekewe mtu anayerejesha vilivyofutwa. Anaweza kupata vyote, nusu, au asipate kitu. Mama mkwe usimwahidi chochote, mwambie ukweli kwa mdomo wako.

Kwa Lengai nenda siku ya soko, watu wakiwepo, pale pale kibandani, na Prosper akikubali muende pamoja. Useme kwa sauti ya kusikika. Kwenye kwaya useme pia, maana kule ulicheka.

Prosper anaweza kukaa mbali nawe kwa muda. Usimfuate na Biblia kumkumbusha kusamehe, mwache aje kwa miguu yake.

Sasa, kama kompyuta hiyo inawaka wakati unasoma gazeti hili, weka gazeti chini. Izime, uchomoe waya, na umpigie Prosper kabla hujakaa tena.