Fuawe la Nyakundi Halihami

Mbita,
kwa njia ya Homa Bay.
Jumapili, 14 Juni 1964.

Mpendwa shemeji Mokaya,

Salamu zangu zivuke ziwa zikufikie huko Kampala, wewe na mkeo Mokeira na mtoto Nyasuguta. Je, kile kifua kilichokusumbua wakati wa mvua kimepoa? Usikidharau, kunywa vitu vya moto. Sisi tu wazima. Mwanangu Mong'ina ameng'oka meno ya mbele na bado hanyamazi. Ziwa limezidi kupanda, limeila ile nyumba ya karibu na ufuo, lakini tulihamia juu mapema, kwa hiyo usiwe na wasiwasi.

Barua yako niliipata. Niliisoma, nikaisoma tena nikakasirika, na leo hasira imepoa kiasi cha kushika kalamu. Unasema yule mhunzi Wangwe atatoka Migori mwisho wa mwezi kuchukua fuawe na mvukuto, kwa kuwa kaka yako Nyakundi hayupo tena na mjane hawezi uhunzi. Shemeji, nakuheshimu, lakini jibu langu ni hapana. Fuawe hilo lilikuwa la baba yenu, najua una neno juu yake. Ndiyo maana nakuandikia badala ya kumfungia Wangwe mlango.

Tangu Nyakundi atutoke, Kerosi aliyefanya kazi chini yake ndiye anayefua. Anakata springi za lori, anazipasha moto, anazigonga mpaka zinakuwa visu. Kumalizia ni kazi yangu, kama ilivyokuwa hata wakati wa Nyakundi, ila wewe hukuwahi kuniona kwa sababu kila ulipokuja nilikuwa jikoni nakupikia.

Sikatai kwamba tulianza vibaya. Javan, mchuuzi anayepeleka visu vyetu kwa wanawake wanaopasua samaki Rusinga, alirudi na karibu mzigo wote. Mipini ilicheza, mabapa yalikuwa na kutu. Akaniambia mbele ya watu, "Nyar Kisii, hii visu ikirudi tena na kutu, mimi nitanunua ya duka." Ndivyo Wajaluo wanavyoniita, binti wa Kisii, na kwa kawaida nalipenda jina hilo. Siku hiyo lilinichoma.

Mipini haikunisumbua sana. Kosa lilikuwa haraka: tulitumia mti wa mpera ukiwa bado mbichi, nao ukikauka huuachia msuka, ule mkia wa chuma unaoingia ndani. Sasa mti unakaa darini juu ya moshi mpaka ukigongwa unalia. Nikishausugua kwa msasa naunywesha mafuta ya nyonyo ya moto, kisha nta ya nyuki. Maji yakimwagika juu yake yanateleza kama mvua kwenye jani la nduma.

Kutu ndiyo iliyoninyima usingizi. Na hapa utacheka, cheka tu. Ijumaa moja nilikuwa nasuuza visu vipya baada ya kuvisugua, nikainua macho, jua linazama. Sabato imeingia. Unajua sisi Wasabato tulivyolelewa. Nikaweka kitambaa chini, nikaviacha vimelowa juu ya ubao, na kile cha jikoni nilichomenyea ndizi mbichi za chakula cha Sabato nikakiweka hapo hapo. Kesho yake kanisani mchungaji anahubiri, mimi nasikia kutu ikitafuna. Jua lilipotua nikakimbia. Vyote vilikuwa vyekundu kama udongo wa Kisii. Kerosi alishika kichwa.

Lakini kile cha jikoni, shemeji! Utomvu wa ndizi ulikuwa umekipaka weusi, na juu ya weusi ule kutu haikupata pa kukaa. Kililala na maji sawa na wenzake, kikaamka salama. Nilikitazama mpaka chai ikapoa. Miaka yote sisi wanawake tumekuwa tukiuondoa weusi huo kwa mchanga na majivu, tukidhani ni uchafu.

Tangu hapo kila kisu kinakatishwa ndizi mbichi kabla ya kutoka hapa. Nakipitisha, nakiacha kikauke, nakipitisha tena, mpaka bapa linakuwa jeusi lote. Ndipo nakipaka mafuta, na kinoo kinagusa makali peke yake. Javan alipoviona alikataa. "Hii imeungua ama? Nani atanunua kisu nyeusi?" Nikamwambia ampe mkewe Phelesia kimoja, akitumie kwenye maji ya samaki bila kukisugua kwa mchanga, na kikiota kutu mimi mwenyewe nitampa Wangwe fuawe, tena nitamsaidia kulibeba. Naam, nililitamka hilo, na usiku huo niliomba sana.

Phelesia alikuja mwenyewe kwa mashua wiki iliyopita. Hakuketi. Alinitolea kisu, cheusi vile vile, mpini imara, akasema, "Nyar Kisii, dada zangu wanataka kama hii. Usinipe nyeupe." Niliingia ndani nikalia, kisha nikatoka nikamwambia Kerosi awashe moto.

Shuleni tulifundishwa kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Nilikuwa nakariri tu. Sasa koleo letu limevunjika kweli, na kila asubuhi nikisikia nyundo ikipigwa na mkono mwingine moyo unaniuma. Hata hivyo fuawe halihami.

Pamoja na barua hii nimekufungia kisu. Nyakundi alianza kuuchonga mpini wake kabla hajaugua, kwa ajili ya mkono wako wa kushoto, akisema visu vya watu wengine vinakuonea. Nimeumalizia mimi. Karibu na bapa utahisi alama za patasi yake. Hapo sikupitisha msasa. Kitumie, na usimruhusu Mokeira akisugue kwa mchanga. Kisha chukua kalamu umwandikie Wangwe asije, mimi nimekwisha kukujibu.

Mama yenu Bathsheba anakusalimu na anauliza utakuja lini. Kerosi naye anakusalimu. Mwambie Mokeira nimemkumbuka, na umbusu Nyasuguta. Mungu awafunike, aibariki kazi ya mikono yenu na ya kwetu.

Ni mimi shemeji yako akupendaye, mwenye vidole vyeusi kwa utomvu wa ndizi,

Bosibori