Bonyeza Y

Mikumi,
Jumapili jioni

Mpendwa kaka Nikolaus,

Shikamoo. Natumaini barua hii itawakuta salama hapo Magomeni, Kilosa, wewe, wifi Upendo na watoto. Mimi ni mzima wa mwili, ila nina hasira. Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu huwa unanikatiza, nami naishia kusema ndiyo, kaka.

Ile kompyuta uliyoniwekea mfumo wa Linux hapa dukani imenitoa jasho wiki nzima. Nilipokwambia imejaa, ulinisomea kwenye simu amri ya kuondoa ile programu ya zamani ya video. Ukasema ikiniuliza chochote nibonyeze Y, yaani ndiyo, nisipoteze muda. Ikaleta orodha ndefu ya vitakavyoondoka, ikauliza kama niendelee. Sikusoma. Tangu baba afariki wewe ndiye baba, na ulikuwa umeshasema. Nikabonyeza.

Nilipoiwasha tena, hapakuwa na picha wala pa kubofya, ni kioo cheusi na maandishi tu. Kumbe programu zile zinategemeana, na hata ya kuchapia ilikuwa imeondoka. Mwalimu Bonifas alikuja na mitihani ya wanafunzi wake, akanikuta nimeduwaa, akaipeleka kwa jirani. Nililia, sikufichi. Nilipokupigia ukaniambia nilipaswa kusoma kwanza. Kaka, hilo liliniuma kuliko kioo cheusi.

Basi nikaanza kurudisha programu moja moja kwa kuandika amri. Mara mtandao unakatika, mara mashine inagoma eti kuna kazi nyingine inaendelea. Jana, ili iweke kitu kimoja, ikataka kuondoa vingine. Safari hii nilisoma mstari kwa mstari, nikaona ya kuchapia imo, nikabonyeza N, yaani hapana. Haikununa. Iliandika tu kwamba imeacha, ikaningoja.

Ndipo nikakumbuka posa ya rafiki yako Samwel wa Ruaha. Uliponiuliza, nilijibu ndiyo vilevile. Wazee wake wanakuja kwako Jumamosi, na mama yake ameshasema mke wa mwanawe hatakaa dukani Mikumi. Nimetazama vitakavyoondoka: duka, wateja wangu, kazi niliyojifunza kwa machozi. Samwel ni mtu mwema, lakini simpendi.

Jibu langu ni hapana. Waambie kabla hawajafunga safari. Ukishindwa, nitakuja Kilosa Ijumaa, wakifika niwaambie mwenyewe, na sitakuwa nimekosa heshima.

Kompyuta imepona, na Mwalimu Bonifas amerudi. Msalimie sana wifi, uwabusu watoto. Nawe, kaka, usininunie.

Mdogo wako akupendaye,
Teresia