Journal zote zipelekwe sekretarieti

Jumatatu, 3 Novemba 2025

Sijawahi kumwambia mtu jambo hili: ninafanya mazoezi ya kusalimia. Tangu Septemba ninakaa dawati moja na Olivia na sijamwambia sentensi hata moja iliyokamilika. Kwa hiyo saa ya mapumziko naingia maktaba, nafungua ile programu ya akili mnemba tuliyowekewa na shule kwa ajili ya masomo, naandika: "Jifanye Olivia." Halafu: "Habari za asubuhi, Olivia. Umelala vizuri?"

Inajibu aya tatu. Leo tulizungumza dakika kumi na mbili. Darasani nilimwazima Olivia mwenyewe kalamu bila kumtazama.

Jumanne, 4 Novemba

Mwalimu Damascène wa kompyuta aliniita nimsaidie kwa sababu ninachapa haraka. Printa ya sekretarieti haipumziki, na hakuna anayejua kwa nini. Mwalimu ana programu nyingine, wanaiita wakala. Unaiuliza kwa maneno ya kawaida, nayo inaingia kwenye mfumo wa shule kukuangalizia mipangilio. Akaniambia niiulize: kumbukumbu za yote yanayoandikwa maktaba zinatumwa wapi?

Sikujua kwamba kuna kumbukumbu.

Jibu lilikuja baada ya sekunde nne. Usambazaji wa kumbukumbu: umewashwa. Zinazotumwa: zote. Zinakopelekwa: barua pepe ya sekretarieti. Kila saa.

Mwalimu alicheka hadi akavua miwani. Kumbe fundi alipokuja kuweka mfumo alimuuliza Préfet Karenzi, mkuu wetu wa masomo, kwa Kifaransa: journaux, yaani kumbukumbu za mfumo, zitumwe wapi? Préfet alifundisha Goma miaka ishirini. Kwake journal ni lile daftari ambalo mwalimu anaandikia masomo ya kila siku, halafu linakwenda kupigwa muhuri. Akajibu: sekretarieti, kama kawaida.

Kwa hiyo mama Mukarugwiza, sekretari, anachapa kila ukurasa na kuugonga muhuri wa VU, maana yake umeonwa. Tangu Septemba.

Mama Mukarugwiza ndiye mama yake Olivia.

Jumatano, 5 Novemba

Mwalimu aliniachia kompyuta yake niandike ripoti ya printa. Nilimwomba wakala azime usambazaji. Akajibu: "Ninaweza kukuonyesha mipangilio. Siwezi kuibadilisha."

Nikaomba kwa Kiingereza. Nikaomba kwa Kifaransa, na s'il vous plaît mbili. Kila mara alinionyesha mipangilio ileile, kwa heshima kubwa. Mara ya mwisho akaongeza kwamba maombi yanayoletwa kwake nayo yanatumwa kulekule.

Saa ilipotimia, upande wa pili wa ukuta printa ikaanza kulia. Ilikuwa inachapa ombi langu la kuizima.

Alhamisi, 6 Novemba

Nilipeleka ripoti sekretarieti. Préfet alikuwepo. Mezani mafaili saba ya kurasa zilizogongwa VU.

"Iko mutoto mumoja," mama Mukarugwiza alikuwa anamwambia, "numero 0417. Kila siku anasalimia Olivia wangu. Siku moja alimuuliza mara ine kama alilala muzuri. Mutoto wa adabu. Lakini nikiuliza Olivia, anasema hakuna mutu anamusalimiaka kwa masomo. Hata mumoja."

Préfet alifungua faili la tatu, akasoma kidogo, akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeridhika.

"Bon. Ni kazi ya maana. Lakini sahihi iko wapi? Journal bila sahihi ni karatasi ya kufungia mandazi. Siku ya posho wazazi wanakuja, tutawaonyesha. Mutafute ule mutoto."

Jumamosi, yaani. Keshokutwa.

0417 ni mimi: ndiyo namba ninayoingilia kompyuta za maktaba, na haina jina. Niliweka ripoti pembeni ya meza, nikatoka kinyumenyume.

Hakuna hata mmoja, Olivia amesema. Nimeiandika ili niione.

Ijumaa, 7 Novemba

Asubuhi kwenye mstari wametangaza: 0417 aende sekretarieti kabla ya saa nane. Mwalimu Damascène, aliyekwisha kukisia, alinivuta kando. Fundi anaweza kuzima, alisema, lakini anataka barua, na barua lazima ipigwe muhuri sekretarieti, na Préfet hataki kusikia. Mimi naweza kusema namba yangu ilitumiwa na mtu mwingine. Wanafunzi wanaazimana namba kila siku. Yeye ataitetea hiyo.

Nilimshukuru. Niliwaza kipindi kizima cha fizikia.

Saa saba nilikwenda. Olivia alikuwa ndani anamsaidia mama yake kupanga karatasi. Préfet hakuwepo.

"Mimi ndiye 0417," nilisema.

Mama Mukarugwiza aliweka kikombe chini. "Weye? Lakini munakaaka pamoja!"

Olivia alikuwa ameshika ukurasa. Aliusoma mpaka chini.

"Hapa niko naongea sana," alisema. "Mi siongeake hivi."

Nilikuwa nimejiandaa na maneno ya kurasa mia mbili na kumi na nne za mazoezi. Nilivuta kiti nikakaa kando yake, nikaomba kalamu, nikatia sahihi ukurasa wa kwanza. Olivia akauchukua, akausoma taratibu, akaugonga muhuri. Akanisogezea wa pili.